Ndiyo, Halisimami

Watu wa rika langu wakikumbuka miaka ile hukumbuka mikutano ya hadhara, foleni za sukari na nyimbo za mchakamchaka. Mimi namkumbuka bwana mmoja aliyeletwa Kilosa kuja kupima masikio yetu. Namkumbuka kwa dharau na sioni kwa nini niifiche. Nimeitunza vizuri miaka yote hii, na kila ninapomsikia mtu anabana pua ili Kiingereza chake kitoke cha kizungu, naitoa, naipangusa vumbi, kisha nairudisha mahali pake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nakaa kwa shangazi yangu, Mabwerebwere, hapo hapo Kilosa. Shangazi alikaanga vitumbua na kwenda kuviuza stesheni treni zikifika. Baba yangu alikuwa Kimamba, kwenye kambi ya mkonge, mahali alipozaliwa na baba aliyeletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, ambaye kwao hakurudi tena. Mashamba yalikuwa yameshataifishwa na wakubwa wote sasa waliitwa ndugu, lakini mkonge ulichoma vilevile na nyumba za kambi zilivuja palepale zilipokuwa zikivuja. Nilikuwa nimeapa kwamba sirudi kule.

Baba alikuwa na mawazo mengine. Nyapara mmoja wa shamba lile, aliyefiwa na mke, mwenye kikohozi kisichoisha na watoto ambao baadhi yao walinizidi umri, alikuwa amekwisha kuja kuniposa. Baba hakumkubalia wala hakumkatalia. Alinitumia salamu kwamba nikipata kazi ya maana kabla ya mfungo wa Ramadhani, atamwambia nyapara binti ameajiriwa, na serikali ina haja naye. Nikikosa, atakuja mwenyewe Kilosa kunichukua. Shangazi aliposikia salamu hizo alisonya mpaka mafuta yakaungua.

Kazi ikatokea. Mikumi, ndani ya mbuga, kulikuwa na hoteli ya watalii iliyotaka mtu mmoja wa mapokezi. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya wilaya na lilikuwa na neno moja la ajabu: walitaka mtu *anayesikia* Kiingereza. Wanaokisema walikuwa nao tele. Tuliambiwa baadaye kwamba waliotangulia pale mapokezi walikisema vizuri tu, wakamkaribisha mgeni kwa sentensi ndefu za kupendeza, ila mgeni akifungua kinywa kujibu, basi wanamtazama kama wanatazama mvua. Hivyo safari hii tungefanyiwa mtihani wa kusikiliza. Mtahini angetoka Morogoro.

Alifika na treni ya asubuhi, amevaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kila mfuko una kalamu. Mlinzi wa shule ambayo mtihani ungefanyiwa, mzee wa kumzaa kabisa, alimpokea mizigo na kwa woga wa suti ile akamwambia, "Shikamoo." Na yule bwana, mbele yetu sote, akaitikia, "Marahaba." Aliitikia bila hata kupepesa. Nilipomsimulia shangazi jioni, aliniuliza kama mtu huyo ana mama.

Tuliokuja kufanya mtihani tulijaa darasa zima. Wengine walitoka Kimamba, wengine Berega, wengine walikuwa walimu waliochoka kufundisha. Jirani yangu wa dawati alikuwa kijana mmoja wa mjini Kilosa, mtoto wa mwenye duka, aliyevaa suruali ya bugaluu, pana kiasi kwamba kila akikunja miguu alifagia sakafu. Tulizoea kumwita hivyo hivyo, Bugaluu, na mwenyewe alipenda.

Mtahini alianza kwa hotuba. Alisema tumejitawala, lakini vichwa vyetu bado vimejaa kasumba ya kikoloni. Alisema anayejitapa kwa Kiingereza ni mtumwa aliyejifunga mnyororo mwenyewe, Kiswahili ndiyo lugha iliyotuunganisha, na taifa linalojidharau halifiki popote. Tukapiga makofi, maana siku zile ukisikia maneno hayo mikono inapiga yenyewe. Makofi yalipokwisha akasema, "Kuanzia sasa, atakayesema neno la Kiswahili humu ndani atatoka nje."

Hakucheka. Nilimtazama kuona kama atacheka, hakucheka.

Kisha akafungua sanduku na kutoa tepurekoda. Humo, alituambia, mlikuwa na sauti ya Mwingereza halisi, na huyo ndiye tutakayemsikiliza. Shule haikuwa na umeme, kwa hiyo mashine ilitumia betri. Akabonyeza. Mwingereza akaanza vizuri, kwa sauti nyembamba na ya haraka, halafu akapunguza mwendo, halafu akawa ananguruma taratibu kama mtu anayeongelea ndani ya mtungi, halafu akanyamaza. Mtahini akaipiga mashine kofi. Mwingereza akatoa neno moja la mwisho na kufa.

Basi yule bwana wa kalamu nne akafanya kile ambacho bibi yoyote wa Mabwerebwere angefanya redio yake ikizimika: akatoa betri, akazipanga dirishani, akazianika juani. Tukakaa tukizisubiri zikauke, sijui zikauke nini. Alisimama karibu nazo ameshika kiuno, anazigeuza moja moja. Hakuna aliyethubutu kusema neno, la Kiswahili wala la Kiingereza. Aliporudisha betri, Mwingereza alifufuka kwa muda wa kukohoa tu.

Mtahini akasema haidhuru, atasoma yeye. Alikuwa amekaa Uingereza kwa kozi na matamshi yake, alisema, ni yaleyale. Akabana pua, akaanza.

Habari yenyewe ilihusu mji mmoja huko kwao. Theluji imeanguka. Kwa sababu hiyo basi la abiria halisimami sokoni Jumapili. Duka la mikate halifunguliwi. Maktaba nayo haifunguliwi, mwenye kuitunza ana mafua. Bwawa la kuogelea halina maji. Kila kitu katika mji ule kilikuwa hakifanyi kazi, na nilipokuwa nasikiliza nilijiuliza watu hawa walitutawala vipi. Aliyeandika habari ile alitaka kujua kama naweza kumpokea mgeni Mikumi, kwenye joto lile, na twiga barabarani, na alichonipa ni theluji na mafua ya mtunza vitabu.

Katikati ya kusoma, treni ya mizigo ikaanza kupanga mabehewa pale stesheni. Kilosa nzima inajua kelele zile: chuma kinagonga chuma, injini inapuliza, mtu anapiga filimbi. Mtahini hakunyamaza kusubiri. Aliinua kidole kimoja kuelekea dirishani, kuionya treni, huku midomo yake inaendelea kwenda. Tuliona mdomo, hatukusikia kitu. Treni ilipotulia alikuwa amefika mwisho wa habari, na hakurudia. Alituambia kwamba hotelini nako kuna kelele.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele na nilisikia karibu yote. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake. Kila alipotamka neno, nyuma yake nilisikia kikohozi cha nyapara.

Yakaja maswali. Alituarifu kwa fahari kwamba maswali ameyatunga mwenyewe na ni ya mtego. Atauliza kwa mdomo, sisi tuandike yes au no, basi. Nayo karibu yote aliyauliza kwa kukanusha. Basi halisimami sokoni Jumapili? Duka la mikate halifunguliwi? Maktaba haifunguliwi? Bwawa halina maji?

Furaha iliyonijaa siwezi kuieleza. Yalikuwa maswali ya mtoto. Halisimami? Ndiyo, halisimami, nikaandika yes. Halifunguliwi? Ndiyo, halifunguliwi, yes. Niliandika yes mpaka chini ya karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri, na nikaona karatasi za wengine nazo zinajaa yes, nikasikitika kidogo kwamba mtihani ni rahisi hivi na mtu anayetakiwa ni mmoja.

Bugaluu, pembeni yangu, alikuwa amesinzia tangu theluji. Maswali yalimwamsha. Alitazama huku na huku, akapiga miayo, akaandika no kwenye kila mstari, bila kusubiri maswali yaishe, akakunja mikono.

Asubuhi ya pili tuliitwa. Mtahini alisimama kwenye ngazi ya darasa na kugawa karatasi zetu zikiwa zimechorwa mikasi ya kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini. Alisema anaona aibu kwa niaba ya wilaya. Alisema masikio yetu yamekufa. Walimu, watu wazima, waliotoka Berega kwa kudandia lori, wamekosa karibu kila swali. Ni mmoja tu aliyesikia, na huyo amesikia kwa kiwango ambacho yeye mtahini hajakiona tangu aanze kazi. Akamwita mbele. Bugaluu akaenda, suruali inafagia changarawe, anatutazama kana kwamba tumemfanyia mzaha.

Nje nilimuuliza alisikiaje.

"Sikusikia kitu," alisema. "Mzungu akikuuliza jambo usilolijua, kataa. Ukikataa hakuna anayekutuma."

Ndiyo falsafa iliyompeleka Mikumi. Alipakiwa kwenye treni siku ileile na sanduku lake jipya.

Mimi sikuondoka. Nilimsubiri mtahini mpaka alipotoka ofisi ya mwalimu mkuu, nikamwamkia, akaitikia kwa kuridhika, nikamwonyesha karatasi yangu. Nilimuuliza kosa langu ni nini, kwa kuwa basi la theluji kweli lilikuwa halisimami.

"Umeandika yes," alisema.

"Ndiyo, halisimami."

Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekuwa anangojea. Aliniambia Mwingereza hajibu hivyo. Mwingereza ukimuuliza basi halisimami, na kweli halisimami, anasema no.

"Sasa anakataa nini, na mimi nimesema kweli?"

"Hakukatalii wewe, dada. Kiingereza hakimjibu mtu. Kinajibu jambo. Kama basi linasimama, yes. Kama halisimami, no. Wewe uliyeuliza umeuliza vipi, hilo halimhusu."

Nikamwambia kwetu anayeuliza ni mtu, na mtu hujibiwa kwanza. Ukisema ndiyo unamwambia umesema sawa, halafu ndipo yanakuja ya basi. Akaniambia hiyo ndiyo kasumba. Neno hilo alilipenda, alikuwa analipaka kwenye kila kitu. Nikataka kumuuliza kasumba ni ipi, kujibu kama mama yangu au kujibu kama Mwingereza, lakini alikwisha nipa mgongo.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba alikuwa sahihi. Niliporudia vitabu vya shule niliona kweli, wanajibu hivyo, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuonyesha kwa sababu walimu wetu nao walijibu kama sisi. Sehemu ya pili ni kwamba alikuwa sahihi kwa bahati tu. Mtihani wake haukupima nani amesikia. Ulichagua mtu mmoja aliyelala na kutukataa sisi wote tuliokuwa macho, na hilo halikumkera hata chembe. Alikuwa na jibu sahihi kwenye karatasi yake na hakuhitaji kitu kingine. Nimekutana na wasomi wengi wa namna hiyo tangu wakati huo na wote wananinukia betri za juani.

Shangazi hakuelewa habari ya yes na no hata nilipomweleza mara nyingi. "Basi halisimami?" aliniuliza. "Ndiyo, halisimami," nikajibu. "Sasa wanataka nini?" akasema, na hapo maelezo yangu yalikuwa yanaishia kila mara.

Nilitafuta kazi nyingine. Ofisi ya wilaya hawakuwa na nafasi, posta hawakuwa na nafasi, duka la ushirika lilikuwa na nafasi lakini halikuwa na bidhaa. Mfungo ukakaribia. Baba akatuma salamu kwamba atafika Jumamosi, na kwamba nyapara amekwisha kupaka chokaa nyumba. Nilipiga pasi nguo zangu na kuziweka sandukuni, kisha nikazitoa tena.

Alhamisi asubuhi nilikuwa stesheni namsaidia shangazi kuuza, treni ya kutoka Mikumi ikaingia, na nani anashuka na sanduku kichwani kama si Bugaluu. Alinunua vitumbua, akakaa juu ya sanduku lake, akatusimulia huku anakula, bila haya yoyote.

Alikuwa amekwenda na falsafa yake. Mgeni akifika na kuuliza kama kuna chumba, no. Kama kuna maji ya moto, no. Kama anaweza kupata chakula, no. Wageni walikuwa wanageuza magari yao na kwenda zao, hoteli inabaki na nyani tu. Meneja alidhani ni mwaka mbaya. Halafu akaja mzee mmoja wa Kizungu ambaye hakugeuka, akapata chumba kwa mhudumu mwingine, na jioni akapita mapokezi kumuuliza Bugaluu kama ni hatari kutembea kidogo nje kabla ya chakula. No, akasema Bugaluu. Mzee akatoka na fimbo yake. Nyuma ya jiko alimkuta nyati. Alirudi bila fimbo na bila kiatu kimoja, na alipopata pumzi alitaka kuonana na meneja.

"Wamenirudisha," alisema Bugaluu, analamba mafuta vidoleni. "Meneja mwenyewe nimekuja naye treni moja. Amekwenda shuleni kwa yule bwana wa kalamu, ameitwa tena kutoka Morogoro. Wanatafuta mtu."

Shangazi alinipokonya beseni la vitumbua mkononi. "Nenda," alisema.

Nilikwenda nimevaa gauni la kazi na harufu ya mafuta. Nikapiga hodi ofisi ya mwalimu mkuu. Mtahini alikuwa kwenye kiti, anakunywa chai na mkate wa siagi. Kando yake alikaa meneja, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, ambaye alisimama nilipoingia na kunivutia kiti. Mtu mstaarabu, sina ugomvi naye, isipokuwa huu: alikuwa amekaa nchi hii miaka kadhaa na Kiswahili alichosikia ni "karibu" na "pole pole" tu, naye ndiye aliyetaka tupimwe masikio.

Nilimwamkia mtahini, akaitikia akiwa na mkate mdomoni. Nikamwambia nimesikia kazi iko wazi tena. Hakunijibu mimi. Alimgeukia meneja na kumwambia kwa Kiingereza kwamba huyu ni mmoja wa wale walioanguka, anasumbua sana, bahati mbaya hasikii. Sijui kama ni Kiingereza asichokisikia au masikio ni mazito tu, alisema. Kilosa wote wako hivyo.

Nilisikia kila neno. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kukaa pale na kusikia kwa masikio yangu mwenyewe kwamba sina masikio. Nilifikiria Jumamosi. Nilifikiria nyumba iliyopakwa chokaa. Nikamuuliza, na safari hii kwa Kiingereza ili yule mwingine naye asikie, kama kwa hiyo hataki kunipa kazi.

"Yes," alisema mtahini, kwa mkazo, na kuweka kikombe chini.

Ningependa kusema kwamba nilimtega. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu hivyo, kwa kuwa hadithi inanoga zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekata tamaa, nikauliza vile mtu aliyekata tamaa anavyouliza, na yeye alikuwa na njaa na amechoka nami, akajibu vile mama yake alivyomfundisha kujibu. Umesema sawa, sitaki. Kozi yote ya Uingereza ilimtoka kwa kipande cha mkate.

Lakini meneja hakuwa na mama wa Kiswahili. Meneja alisikia yes. Uso wake ulifunguka, akainuka, akanipa mkono, akasema vizuri sana, amefurahi kwamba tumelimaliza jambo hili mapema.

Nilimtazama mtahini. Mdomo ulikuwa bado wazi. Alikuwa na nafasi ya kusema kwamba alimaanisha no. Ilitosha kusema tu. Lakini kusema hivyo mbele ya Mzungu huyu, ambaye bila shaka alikwisha mweleza habari za maswali ya mtego na wilaya isiyo na masikio, ni kusema kwamba ameanguka swali lake mwenyewe. Niliona maneno yanapanda kooni na kushuka, yanapanda na kushuka. Mwisho akayasindikiza kwa chai.

"Hongera, ndugu," aliniambia kwa Kiswahili.

Sijawahi kupewa hongera iliyonipendeza kama ile.

Meneja alikuwa bado amenishika mkono. Akaniuliza, kwa ile heshima yao, kama nitajali, yaani kama nitaona vibaya, kuanza kazi Jumatatu.

Ulimi ulikuwa umeshakwenda kwenye yes, uko juu ya meno, kwa sababu nilitaka kazi ile na kila kitu ndani yangu kilikuwa kinakubali. Mtahini aliona. Alijisogeza mbele ya kiti, macho yamemwaka, anangojea. Kinajibu jambo. Hakimjibu mtu. Nitajali? Sitajali.

"No," nilisema.

Meneja akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mtahini akarudi nyuma kwenye kiti na kutafuta mkate wake. Huo ndio ulikuwa mtihani, ndugu zangu, ule wenye theluji haukuwa kitu, na hakuna aliyenipa alama.

Nilirudi Mabwerebwere kwa mbio, napita njia za mkato, naruka mifereji. Njiani kote nilikuwa najiuliza na kujijibu kwa sauti. Hukuanguka? No. Hutaolewa na nyapara? No. Hurudi Kimamba? No, no, no. Watoto waliokuwa wanachota maji bombani walinicheka.

Shangazi alikuwa amekwisha rudi kutoka stesheni. Alikuwa amechutama mbele ya jiko, hana kazi anayoifanya, ameshika mwiko tu. Aliponiona nahema aliniangalia usoni, akaogopa kuuliza, halafu akauliza vile anavyouliza mtu anayejikinga na jibu.

"Hawakukupa?"

"Ndiyo!" nilisema.

Aliweka mwiko chini, polepole. Akainuka kwa kushika magoti, akaingia ndani. Nilimfuata mlangoni, nimebaki natabasamu, na nilimkuta amelivuta sanduku langu kutoka uvunguni. Alikuwa anakunja gauni langu la Idi. Alikunja la pili. Alikuwa analia bila sauti, akisema maneno ya chini chini kwa lugha ya nyumbani, yale ambayo wanawake wa kwetu humwambia binti anayekwenda kwa mume, na katikati yake nikasikia jina la nyapara.

Nilisimama pale sielewi analia nini. Nilikuwa nimejibu sawasawa. Walinipa, kwa hiyo ndiyo. Jambo nimelijibu.

Ndipo nikaelewa, na furaha yote ikanitoka. Yule bwana alitaka masikio yetu na yangu alikuwa ameyapata. Mtu aliyenilea, aliyenipokonya beseni ili niende, aliniuliza neno moja kwa lugha yake na mimi sikumsikia. Mengine yote nimemsamehe mtahini yule, hata betri. Hilo sijamsamehe.

Nilipiga magoti kando ya sanduku nikamshika mikono.

"Shangazi, wamenipa. Ni sanduku la Mikumi hilo. Wamenipa kazi."

Alinitazama, gauni likiwa mapajani, machozi bado yanamtoka.

"Sasa mwanangu," alisema, "mbona umesema ndiyo?"